Udaktari wa heshima wa kulipia: tumefika pabaya, na wa kulaumiwa ni wengi

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za vyeti feki vya kuombea kazi. Hili ni tatizo jingine.

Kila wiki mitandaoni kuna picha mpya: mtu kavaa joho jekundu la kukodi, kashika cheti chenye nembo ya rangi ya dhahabu, na chini yake pongezi kwa "Dkt." fulani kwa kutunukiwa shahada ya heshima ya uzamivu. Siku mbili baadaye jina limeshabadilika kwenye kadi za biashara. Wiki ijayo limebadilika kwenye bango la duka au la kanisa. Mwezi haujaisha, ukimwita Ndugu ananuna.

Twende hatua kwa hatua, maana wengi wanapiga makofi bila kujua wanachokipigia.

Barua inakuja kwa WhatsApp au kwa barua pepe. Inasema jina lako limependekezwa kutokana na mchango wako mkubwa kwa jamii. Haisemi nani kalipendekeza, wala mchango gani. Barua hiyohiyo, bila kubadilishwa hata nukta, inaweza kwenda kwa mfuga kuku, mchungaji, mwimbaji na diwani. Aya ya tatu au ya nne ndipo panapokuja neno lenyewe: ada ya uchakataji, ada ya joho, ada ya meza ya wageni wako, mara nyingi kwa dola. Tarehe ya mwisho ya kulipa imewekwa karibu makusudi ili usipate nafasi ya kuuliza watu. Ukilipa, umetunukiwa. Usipolipa, ule mchango mkubwa kwa jamii umeyeyuka.

Sherehe inafanyika ukumbi wa hoteli kwa sababu chuo chenyewe hakina hata darasa moja. Watunukiwa wanapangwa foleni, wengi kwa mchana mmoja, kila mmoja anapewa dakika zake za kuvishwa kofia na kupigwa picha. Hakuna anayesomewa wasifu wa maana. Chuo kikuu halisi kinapotunuku mtu, huwa kuna msomaji anayesimama na kueleza kwa kirefu mtu huyu kafanya nini, wapi, na kwa nini chuo kimeona hivyo. Hotuba ile ndiyo heshima yenyewe, joho ni vazi tu.

Sasa kichukue cheti ukiweke mezani ukisome kwa utulivu. Jina la chuo lina maneno makubwa, la kimataifa, la dunia nzima, lakini mji hautajwi. Kimeandikwa "kwa mamlaka tuliyopewa", na aliyeyatoa hayo mamlaka hayupo. Sahihi ziko mbili, ya mkuu wa chuo na ya rais wa chuo, na mwandiko wakati mwingine ni wa mkono mmoja. Nembo ya dhahabu ukiigusa kwa ukucha inabanduka, ni stika. Neno Seneti, yaani kikao cha wanataaluma wa chuo kinachoidhinisha shahada, halimo popote. Chini kabisa kuna jina la chombo cha ithibati, yaani kinachodai kukikagua chuo na kukithibitisha ubora. Hapo ndipo watu wengi huishia kusoma, wakiona neno ithibati wanaridhika. Tafuta hicho chombo kinatambuliwa na serikali ipi. Mara nyingi ni tovuti nyingine ya watu walewale.

Mchezo huu si mgeni. Mwaka 2005 maofisa wa serikali kuu ya Marekani waliwavamia watu wa jimbo la Washington waliokuwa wakiuza shahada kwa jina la Saint Regis. Walijinadi kuwa wana ithibati ya Liberia, na ikabainika kuwa walihonga maofisa wa Liberia kuipata. Mwaka 2008 mahakama ikawahukumu vifungo. Mnaona jinsi karatasi yenye muhuri wa nchi inavyoweza kupatikana huku chuo hakipo.

Na muhuri mwingine unaowapumbaza watu ni apostili, karatasi ya serikali inayoambatishwa kwenye hati ili ipokelewe nchi nyingine. Mtu anaposti cheti kimebandikwa karatasi ya jimbo fulani la Marekani, anasema serikali imethibitisha. Apostili inathibitisha kwamba sahihi ya mthibitishaji, yule wa viapo, ni sahihi yake kweli. Basi. Haigusi kilichoandikwa ndani. Ukiandika kwenye karatasi kwamba wewe ni mfalme wa bahari, ukaapa mbele ya huyo mthibitishaji, na karatasi hiyo inaweza kupata apostili.

Tofauti na ya kweli ni hii. Jina linapendekezwa na kitengo au wanataaluma, linachambuliwa na kamati, linapelekwa Seneti, kisha Baraza la Chuo, na Mkuu wa Chuo anatunuku kwenye mahafali ya kawaida, mbele ya wahitimu waliosoma. Mtunukiwa hatozwi hata shilingi. Vipo vyuo vikubwa ambavyo havitoi kabisa shahada za heshima, MIT na Stanford za Marekani ni mfano. Na hata aliyepewa kihalali, desturi ya vyuo vingi ni kwamba hatumii "Dkt." mbele ya jina. Anaandika kwenye wasifu wake kwamba alitunukiwa shahada ya heshima na chuo fulani mwaka fulani. Shahada hiyo ni shukrani, haikuwahi kuwa elimu.

Kwa haki niseme kwamba hata chimbuko la jambo hili halikuwa safi sana. Shahada ya heshima ya mwanzo inayojulikana ilitolewa na Oxford miaka ya 1470 kwa Lionel Woodville, shemeji wa Mfalme Edward IV, na chuo kilikuwa kinatafuta upendeleo wa mtu mwenye nguvu. Kujipendekeza ni kwa zamani. Ila Oxford angalau ilikuwepo.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Wengi wanaonunua si watu wa bure. Chunguza majina. Huyu alianza na meza moja ya mitumba, leo ana maghala na kalipia watoto wa watu ada. Yule kajenga zahanati kijijini kwao. Mwingine kwaya yake imelea vijana miaka ishirini. Hizo ni kazi za kweli, zina mashahidi, zina jasho. Halafu mtu huyohuyo anakwenda kununua sifa ya uongo na kuiweka juu ya ile ya kweli. Anayejua akiliona lile "Dkt." anajiuliza: na zahanati nayo ikoje? Ghala nalo la nani? Mtu kajitilia mchanga kwenye pishi lake mwenyewe.

Kutaka makuu si dhambi. Anayetaka makuu kwa dhati anakitaka kitu chenyewe, na yuko tayari kukaa na ugumu wake. Anayetaka uzamivu anaandika andiko la utafiti, linarudishwa, anaandika tena, anaomba kibali, anakusanya data kwenye jua, anaandika tasnifu, inasomwa na mtahini wa nje asiyemjua, kisha anasimama kuitetea mbele ya watu ambao kazi yao siku hiyo ni kutafuta nyufa. Miaka mitatu kwa uchache, wengi inawachukua zaidi. Katika njia hiyo kuna jambo linalomtokea mtu ndani: anajifunza kusema "hapa nilikosea" mbele za watu. Mpenda sifa hiyo ndiyo sehemu anayoikimbia. Anataka kuonekana na kitu, bila kupita pale kinapomnyoosha. Na kwa kuwa hakupita, kila siku anaishi na hofu ya kuulizwa. Ndiyo maana wanakuwa wakali ukiwauliza chuo kiko mji gani.

Linganisha na Nyerere. Alikwenda Makerere, akaenda Edinburgh, Uskoti, akarudi na shahada ya M.A. mwaka 1952, akafundisha Pugu mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Baadaye vyuo halisi vya nchi mbalimbali vilimtunuku udaktari wa heshima. Jina lililobaki mdomoni mwa watu ni Mwalimu. Cheo cha chini kuliko vyote alivyokuwa navyo, na ndicho kilichokuwa cha kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Halafu kuna madhara yasiyo ya heshima tu. Kwa Mswahili wa kawaida "daktari" ni mtu wa hospitali. Daktari wa tiba hapa kwetu anasoma miaka mitano, anafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Leo muuza dawa za kienyeji za kwenye chupa ananunua udaktari wa heshima, anabandika "Dkt." kwenye lebo, na mama mwenye sukari anaacha vidonge vyake kwa kuamini kaandikiwa na daktari. Hapo majivuno yameshaingia kwenye damu ya mtu mwingine.

Na sisi tunaoshangilia je? MC anajua. Mwandishi wa habari anajua, au angejua kwa dakika tano za kutafuta. Chawa wanajua kabisa, na ndio wa kwanza kuandika "Hongera Daktari wetu". Anayemwambia rafiki yake ukweli faraghani, kabla hajalipa, ndiye aliyempenda. Wengine wote wamemsukuma.

Njia ya kukagua haina ugumu. Tanzania ingia kwenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), na kwa tuzo za nje TCU hiyohiyo ina utaratibu wa kuzitambua. Kwa Kenya chombo kama hicho ni CUE, kwa Uganda ni NCHE. Kama chuo ni cha Marekani, tafuta kinasimamiwa na chombo gani cha ithibati, na kama chombo hicho kinatambuliwa na Wizara ya Elimu ya kule. Kisha uliza maswali haya bila kuzunguka: Seneti ilikaa tarehe gani? Nani alipendekeza? Mtunukiwa kalipa nini? Kuna wanafunzi wangapi wanaosoma hapo sasa hivi, na wanasomea jengo gani?

NYONGEZA: Kuna wadau wanajibu kwamba huu ni wivu. Sawa, tuseme ni wivu. Cheti bado hakina Seneti. Mwingine anasema "mbona ada ni ya joho tu". Joho la mahafali linakodishwa kwa shilingi, na linarudishwa. Ukilipia joho kwa mamia ya dola na bado unalirudisha, ujue hukuwa unalipia joho. Na anayesema mchungaji wake alipewa na chuo cha dini kwa hiyo halimhusu mtu: vyuo vya dini vya kweli vipo, vina wanafunzi, vina maktaba, na tuzo zake zinasema wazi kuwa ni za theolojia. Chuo cha dini kinachotoa udaktari wa biashara kwa muuza vipodozi kinahitaji maelezo.

Wenye barua za mwaliko ziwekeni hapa. Futeni majina, namba za simu na za akaunti, acheni maneno yenyewe. Tutazichambua mstari kwa mstari, tuanze na ile aya ya ada.