Kuwapeleka wazee na mwenye kiti mwendo ziwani Mwanza: wapi panapitika kweli?

Mdau_Nyegezi
Wakuu, habari za wikiendi. Tunataka kuwatoa watu watatu wakapunge upepo wa ziwa: bibi wa miaka 78 anayetembelea fimbo, mzee aliyepata kiharusi upande wa kulia, na kijana wa kiti mwendo ambaye miguu yake haina hisia. Usafiri ni Noah. Kila ufukwe tunaopiga simu tunajibiwa "panapitika tu, tutambeba". Hifadhi ya kisiwa cha Saanane inafaa? Kama haifai, twende wapi?

Kabari
Hiyo "tutambeba" ndiyo jibu la kukimbia. Mbebaji mmoja akiteleza kwenye ngazi, wanaanguka wote.

Usiulize kama panapitika. Uliza ngazi ni ngapi kutoka getini hadi meza iliyo karibu na maji, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na mlango wake una upana gani. Kisha mwombe mhudumu atembee na simu kutoka getini hadi chooni akirekodi, akutumie WhatsApp. Video ya dakika moja itakuonyesha kokoto na kizingiti ambacho yeye hakioni tena kwa kukiruka kila siku.

Kiti kipime mwenyewe, ukingo wa nje wa ringi ya kusukumia hadi ukingo wa pili, halafu ongeza sentimita 5 kila upande kwa ajili ya vidole. Kiti cha sentimita 65 kinataka mlango wa 75. Vyoo vingi vya baa havifiki hapo (na ndani kuna kreti za soda).

Nyavu_Mbili
Saanane kwa huyo kijana hapana. Unapanda boti Capri Point, na kisiwa chenyewe ni majabali.

Jaribuni kivuko cha Kamanga, kwenda na kurudi. Kwa kuwa kinabeba magari, mnaingia kwa mteremko na kijana anabaki kwenye kiti chake. Nendeni asubuhi, mchana upepo huchafua ziwa. Waombeni mabaharia mwingie kabla ya magari, mkae pembeni, msije mkabanwa katikati ya malori. Pale lango la chuma linapogusa zege pana ukingo, na magurudumu madogo ya mbele hukwama hapo, mtu akarushwa mbele. Geuzeni kiti, mkivute kinyumenyume.

Mkishatulia, breki, kabari za mbao kwenye magurudumu, boya mwilini. Mkanda wa kiti UFUNGULIWE. Aliyefungwa kwenye kiti akidondoka majini, kiti kinamvuta chini, boya au hakuna boya.

Mdau_Nyegezi
Mkanda sikuuwaza kabisa. Na ufukweni, kwenye mchanga?

Nyavu_Mbili
Kinyumenyume vilevile, magurudumu makubwa yatangulie. Matairi ya upepo yapunguzeni kidogo, mkirudi barabarani mjaze.

Tiba_Nyumbani
Kijana asitumbukize miguu ziwani. Kichocho hupenya kwenye ngozi, tena jiwe likimkata hatajua. Jua nalo ni hivyohivyo: chuma cha kuwekea miguu kikipigwa jua la saa sita kinaunguza ngozi kimyakimya. Kiti kikae kivulini, na kila dakika 20 au 30 ajiinue kwa mikono, makalio yapumue. Kama ulemavu umetokana na uti wa mgongo, sehemu isiyo na hisia inaweza isitoe jasho, kwa hiyo bebeni maji ya kumlowanisha shingo na mikono.

Mzee wa kiharusi: msaidizi asimame kulia kwake, upande dhaifu. Kupanda ngazi, mguu mzima kwanza. Kushuka, mguu mbovu kwanza. Msimvute ule mkono uliolegea, bega linachomoka.

Kabari
Ngazi moja tu isiwazuie. Kipimo cha mteremko ni 1 kwa 12, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka ubao wa mita 1.8. Plaiwudi tupu itapinda katikati, pigilieni mbao za 2 kwa 4 chini yake. Akishuka, kinyumenyume.

Choo kikiwa cha kuchuchumaa, fundi wa kuchomelea awatengenezee kiti cha chuma chenye tundu. Kile cha plastiki kilichokatwa katikati hupasuka.

Mdau_Nyegezi
Kesho namfuata fundi. Nimwambie kimo gani?

Kabari
Kilingane na kiti mwendo. Pima kutoka chini hadi juu ya mto akiwa ameukalia. Miguuni mwa hicho kiti cha chuma weka raba.