Mrejesho: RAM mbili za DDR5 sasa zinasoma

Wakuu, asanteni sana. Kwa aliyepitwa: kompyuta mpya ya soketi AM5 (ya prosesa za AMD), RAM mbili za GB 16 kila moja, aina ya DDR5-6000. Zikiwa pamoja taa ya DRAM kwenye bodi (inayoonyesha tatizo la RAM) ilikuwa haizimi, lakini nikiweka RAM moja tu kompyuta inawaka.

Dawa imekuwa kusasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta). Niliacha RAM moja nafasi ya A2 kwenye bodi, nikasasisha BIOS kwa flashi iliyofomatiwa FAT32, nikachomoa umeme, nikaweka RAM ya pili nafasi ya B2. Ukiwasha mara ya kwanza kioo kinabaki cheusi dakika kadhaa. Tafadhali usizime, bodi inapima RAM. Ikasoma GB 32 kwa kasi ya 4800. EXPO (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili) niliwasha mwisho, ikafika 6000. MemTest86, programu ya kupima RAM, imemaliza raundi 4 bila kosa.