Maksi za kosiweki (testi na asaimenti za ndani ya semista) zimetoka siku nne kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa semista) na karatasi hatujaziona, masahihisho tutafanya lini?

Wakuu habari za usiku. Leo sijaja kuuliza bumu (hela ya mkopo) linatoka lini wala kuomba madesa (notisi za wenzangu), nimekuja na hasira na nitaandika ndefu, mwenye haraka apite tu.

Jioni hii CR wetu (kiongozi wa darasa) katupia PDF kwenye grupu la WhatsApp, kosiweki ya kozi moja ambayo UE yake ni Jumatatu asubuhi. Leo Alhamisi. Nimeshuka mpaka nikaikuta namba yangu ya usajili, mbele yake kuna 19. Kumi na tisa kwa arobaini. Hakuna kingine, hakuna testi umepata ngapi, asaimenti umepata ngapi, semina umepata ngapi, ni 19 basi. Testi tulifanya wiki ya sita, asaimenti nilipeleka wiki ya kumi, sa hivi tuko mwisho wa semista na karatasi ya testi sijaishika mkononi, asaimenti sijaiona tena toka siku naiweka kwenye lile boksi nje ya ofisi.

Naomba mnielewe vizuri hapa, sijakasirikia ile 19. Kama 19 ndo yangu basi ni yangu, wala siji hapa kulia kwamba nimeonewa. Kinachoniuma ni kwamba sijui zile 21 nyingine zimepotelea wapi. Inawezekana sikulielewa swali, inawezekana nilielewa ila nikajieleza vibaya, inawezekana nilijibu vizuri swali la pili nikaharibu la tatu, au hoja zilikuwepo ila mifano hakuna. Hivo ni vitu vinne tofauti na kila kimoja dawa yake ni nyingine, sasa mimi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nakaa kwenye kimbweta (benchi la kusomea) napiga msuli wa nini? Naenda kurekebisha nini? Nitaingia kwenye UE ya maksi 60 na kosa lilelile nililofanya kwenye testi kwasababu hakuna mtu alienionyesha kwamba hili ni kosa.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na ndo maana hii kitu inanikera kuliko inavyowakera wenzangu wa fani zingine. Kuna kozi tulisoma mwaka wa pili, upimaji, tukafundishwa kabisa kwamba kuna upimaji tamati na upimaji endelevu, ule wa tamati unakuambia mtu kafika wapi na ule endelevu unamsaidia mtu afike. Tukaambiwa upimaji endelevu usio na mrejesho haujakamilika. Nimeliandika hilo kwenye daftari langu na nikalijibu kwenye pepa na nikapata maksi zake. Testi ya hiyohiyo kozi haikurudi mpaka leo! Sasa jamani mtu anasimama mbele ya watu 800 anawafundisha umuhimu wa kurudisha kazi za wanafunzi afu kazi zao hazirudishi, mnataka tujifunze lipi, analosema au analofanya?

Mwaka jana nilienda BTP, yani mazoezi ya kufundisha shuleni, nilipangiwa sekondari moja ya kata huko ndanindani Singida. Nikapewa kidato cha pili, mikondo miwili, jumla watoto 94. Nikawapa zoezi Alhamisi, nikabeba madaftari 94 mpaka nyumbani nilikokuwa nimepanga, umeme ulikuwa unakata nikawa nasahihisha na tochi ya simu, Jumatatu nikawarudishia yote. Sisemi hivi nijisifu, kila aliewahi kushika chaki anajua ndo kazi yenyewe ilivyo. Ila kuna kitu nilikiona pale sijakisahau. Mtoto akipokea daftari hasomi maksi tu afu akafunga, anafungua anatafuta palipokoseka, anakuja mbele anakuuliza "mwalimu, hapa mbona umenipiga mkasi?" Na ukimwelezea mara moja, zoezi linalofuata hilo kosa hulioni tena. Kuna binti mmoja alikuwa anachanganya sababu na matokeo kila swali la historia, nikamwandikia mstari mmoja tu pembeni, wiki inayofuata amenyoosha. Mstari mmoja wa biki nyekundu.

Na hii siyo kitu kigeni kwetu. Toka darasa la kwanza kila Mtanzania kafundishwa kuandika neno MASAHIHISHO, unalipigia mstari na rula, unarudia ulilokosa, mwalimu anaweka vema. Darasa la saba tulifanya, kidato cha nne tulifanya, kidato cha sita baada ya moku (mtihani wa majaribio) mwalimu wa jiografia alikuwa anapitia swali kwa swali na sisi karatasi zetu mkononi. Mtihani wa taifa naelewa karatasi hairudi, ule ni wa mwisho, unapewa daraja lako unaondoka na maisha yako. Lakini kosiweki siyo ya mwisho! Imewekwa katikati ya semista makusudi ili ujue umekaaje kabla ya UE. Ukiitoa siku nne kabla, tena kama namba moja tupu, umeshaigeuza kuwa UE ya pili, na faida yake yote imekufa.

Nikumbushe kitu kingine ambacho wengi hatukisomi kwenye prospektasi. Mfumo wa krediti wa vyuo vyetu unasema krediti 1 ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, hapo ndani kuna vipindi, semina, asaimenti na kujisomea mwenyewe. Mwaka mzima ni krediti 120, kwahiyo semista moja 60, yani masaa 600. Gawanya kwa wiki 15 za masomo unapata masaa 40 kwa wiki. Masaa 40 ni kazi ya kawaida kabisa ya mtu mzima, yanabebeka, unapata na muda wa kupika na kufua na kulala. Sasa njooni kwenye uhalisia. Wiki ya kwanza mpaka ya tatu lekchara mmoja haonekani, mwingine anakuja siku ya kwanza kugawa kozi autilaini afu anapotea. Wiki ya nane ndo wanakumbuka. Wiki ya tisa mpaka ya kumi na mbili unapigwa testi tatu, asaimenti nne, presentesheni mbili, kila mmoja anaongea kama vile kozi yake ndo pekee hapo chuoni. Semista hii nilikuwa na wiki moja ya kupeleka kazi tatu Ijumaa ileile. Nililala masaa matatu kwa siku siku nne mfululizo. Afu tunaambiwa wanafunzi wa sa hivi hamjui kupangilia muda. Muda nilipangilia, ratiba ninayo ukutani toka wiki ya kwanza, alievuruga ni nani?

Na katika mwendo huo mtu anaandika nini? Anaandika cha kujaza kurasa. Na bado kuna hizi asaimenti za grupu, grupu la watu 15. Watu 15 kuandika kurasa nane! Wanaofanya wawili watatu, waliobaki wanatuma namba ya usajili tu "niandikeni na mimi wakuu nina dharura". Tunachanga ya kuprinti, tunapeleka, wote 15 maksi sawa. Yule aliefanya hajaambiwa kafanya vizuri wapi, na yule ambaye hakufanya hajajulikana. Silaumu sana wale wanaokimbia, najua kuna mtu anauza chipsi usiku ili alipe chumba kwasababu mkopo hakupata. Nalaumu anaepanga watu 15 kwasababu anataka karatasi chache za kusahihisha.

Nitawapa mfano mmoja ili msione nabwata tu. Mwaka wa kwanza nilikuja chuo najua kuandika kwa mtindo wa kidato cha sita, yani pointi sita, kila pointi na maelezo yake, mwanzo na hitimisho. Semista ya pili kuna kozi semina zilikuwa zinaendeshwa na TA (mwalimu msaidizi) mmoja, kijana tu, hana hata ofisi yake. Yule jamaa alirudisha karatasi zetu baada ya wiki mbili. Yangu ilikuwa na 9 kwa 20 na pembeni kaandika kwa Kiswahili, sijui kwanini aliamua Kiswahili wakati kozi ni ya Kiingereza, kaandika "umeorodhesha, hujajenga hoja, hii pointi ya tatu inaipinga ya kwanza, umeona?" Nilikaa na hiyo karatasi usiku mzima. Kweli inaipinga! Toka niko kidato cha tano nilikuwa naandika pointi zinazogombana na hakuna aliewahi kuniambia. Kwenye UE ya ile kozi nilitoka na B+. Na sio ile kozi tu, mpaka leo nikiandika chochote kabla sijapeleka nauliza hii pointi haipigani na ile? Nikisema kuna siku nimekua kitaaluma hapo chuo, ni usiku ule. Miaka mitatu, wakuu, na ninaweza kuutaja usiku mmoja.

Najua majibu yatakayokuja hapa. La kwanza, mko wengi. Sawa, tuko 800, nimepiga hesabu, ukitumia dakika 5 kwa kila karatasi ni dakika 4,000, kama masaa 67. Siyo kidogo, nakubali kabisa, na lekchara ana kozi zaidi ya moja na mshahara wake mnaujua wenyewe. Lakini wakuu hizo karatasi si zimeshasahihishwa? Maksi si zimetoka? Masaa 67 yameshatumika tayari! Tunachoomba ni karatasi iliyosahihishwa imfikie mwenyewe. Mpe CR, CR atagawa. Na kama huwezi kabisa kuandika maoni kwa watu 800, njoo darasani nusu saa useme "swali la pili wengi mmekosa kwasababu hii, jibu nililotaka ni hili". Nusu saa. Hiyo nayo inashindikana?

La pili, chuo ni kujisomea, hampaswi kutafuniwa. Mimi sijaomba kutafuniwa. Nimeshasoma, nimeandika, nimepeleka. Nataka kujua nilichotafuna mwenyewe nimekitafuna sawa au nimemeza mawe.

La tatu, nenda ofisini kaulize. Wanaosema hivi aidha walisoma zamani sana au wamesahau. Jaribu kugonga mlango wa dokta umwambie naomba kuona karatasi yangu. Kwanza hayupo. Ukimkuta atakuuliza kwa sauti "kwani unadhani nimekuonea?" na hapo hapo anaangalia namba yako ya usajili, ukitoka unawaza huyu sasa atanikamata kwenye UE. Inawezekana hana hata huo mpango, inawezekana ni mtu mwema kabisa, lakini mwanafunzi anategemea GPA (wastani wa matokeo yake) kwa kila kitu mbele huko, anaogopa, anakaa kimya. Nimekaa kimya semista tano.

Na matokeo yake mnayaona. Mtu asiejua kosa lake anatafuta njia nyingine ya kupona. Anatafuta pepa za miaka iliyopita, anatafuta desa la kaka aliefaulu, anakariri "huyu dokta anapenda uanze hivi umalize hivi". Tunamsoma lekchara, kozi yenyewe hatuisomi. Kuna mwana darasani kwetu ana 4.4, daraja la kwanza hilo, kaniambia mwenyewe kwa mdomo wake hajui kwanini kozi moja alipata A na nyingine C wakati alisoma kwa namna ileile. Kama yeye hajui, mwenye sapu (mitihani ya kurudia) mbili atajulia wapi? Mwakani huyo anaenda kufundisha watoto wa watu, na atafundisha kama alivyofundishwa.

Mama yangu hakusoma chuo, anauza mboga, juzi kanipigia akaniuliza "mwanangu masomo yanaendaje?" nikamjibu yanaenda vizuri. Baadae nikajiuliza nimejuaje kama yanaenda vizuri.

Wale mlioko vyuo vingine naombeni mniambie, testi zenu zinarudi? Zinarudi wiki ya ngapi? Kuna idara yoyote hapa nchini ina utaratibu kwamba kosiweki isipotoka wiki mbili kabla, UE ya hiyo kozi haifanyiki mpaka itoke? Na walimu wa vyuo mliomo humu, najua mpo, msije kunitukana, njooni mniambie karatasi huwa zinaenda wapi.

Mimi kesho saa mbili asubuhi naenda idarani, nimeongea na CR na wenzangu wanne wamekubali twende wote. Hatuendi kuomba kuongezewa maksi, nimewaambia hilo kabla hata hatujatoka hosteli, atakaetaja maksi arudi. Tunaomba karatasi zetu za wiki ya sita, tukae nazo mpaka Jumapili usiku, Jumatatu tuzirudishe zikiwa safi kama zinahitajika kwenye faili. Nikipewa nitarudi kwenye uzi huu kusema, na nikinyimwa pia nitarudi.