Kibodi ya kompyuta ya mbali inajirudisha kila nikiingia upya, naombeni msaada

Mama Alizeti
Mbukwenyi wakuu. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nashika mahesabu ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida. Kompyuta ya mahesabu ipo kule kule kiwandani, mimi naingia kwa Remote Desktop, programu ya kutumia kompyuta iliyo mbali, kutoka kwenye laptop yangu ya Windows.

Kinachonisumbua ni kibodi. Nikibonyeza Shift na 2 nataka @, inatoka alama ya kunukuu. Nabadili kule Singida kutoka kibodi ya Uingereza kwenda ya Marekani, inakaa vizuri siku nzima. Kesho nikiingia, imerudi ya Uingereza. Nimeifuta kabisa kwenye orodha, ikarudi vilevile.

Nywila yangu ina @. Juzi kompyuta ilijifunga nikiwa katikati ya malipo, nikaandika nywila, ikakataa, nikarudia mpaka akaunti ikafungwa. Vibarua wamekaa hadi jioni wanasubiri hela yao. Imeniuma sana. Nifanyeje ibaki nilivyoiacha?

Kijana wa Kizota
Pole mama. Unaingia Singida kwa kufungua faili la Remote Desktop lililo kwenye dawati la laptop? Libonyeze kulia, chagua Edit, badili unachotaka, halafu rudi ukurasa wa General ubonyeze Save kabla ya Connect. Bila Save, mabadiliko hayabaki kwenye hilo faili.

Mama Alizeti
Asante kaka. Chaguo la printa sasa linabaki, zamani nilikuwa nalitia tiki kila asubuhi. Ila kibodi bado.

Fundi Seva
Mama, unahangaika na Singida wakati tatizo lipo hapo Nkuhungu. Ukiunganisha, laptop yako huiambia kompyuta ya mbali kwamba natumia kibodi fulani, nayo huipakia hiyo hata kama haimo kwenye orodha yake. Ndiyo maana kuifuta kule hakusaidii.

Fungua mipangilio ya lugha kwenye laptop. Nahisi utakuta zote mbili, ya Uingereza ikiwa juu. Weka ya Marekani, ondoa ile nyingine. Kisha ingia Singida na utoke kwa Sign out. Ukifunga dirisha kwa X tu, kikao chako kinabaki wazi kule na hali yake ya zamani.

Ikigoma, mwenye mamlaka ya msimamizi kule Singida aende kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake ya ndani), HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Keyboard Layout, aongeze DWORD (ingizo la namba) iitwayo IgnoreRemoteKeyboardLayout yenye thamani 1, azime na kuwasha. Kompyuta itaacha kufuata kibodi ya mgeni. Ahifadhi nakala ya rejista kwanza, tafadhali. Rejista si mahali pa kubahatisha.

Binti wa Ipagala
Naongezea kwa wengine watakaopita hapa: kama kinachopotea si kibodi tu, hata picha ya dawati na mafaili uliyohifadhi, angalia kama Windows inakuambia umeingia kwa profaili ya muda. Hiyo hufutwa ukitoka. Usihifadhi kazi humo hata kidogo.

Mama Alizeti
Fundi, ni kweli, ya Uingereza ilikuwa juu kwenye laptop. Nimeiondoa, nikatoka kwa Sign out kama ulivyosema. Jana nimeingia mara mbili, leo asubuhi tena, @ ipo kwenye 2. Rejista hatujaigusa. Jumamosi ni siku ya malipo, nitaanza mapema.