Neno la jioni kabla ya kuwinda kulungu: Zaburi 42, kufuata damu, na Walawi 17:13

Shemasi_Lex

Bwana asifiwe wapendwa. Novemba inakaribia, na wanaume wa kanisani wanataka kwenda kuwinda kulungu, hawa wa mkia mweupe wa hapa Kentucky. Kadi za mafunzo ya uwindaji wanazo (aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1975 haingii porini bila hiyo), shamba limepatikana kwa ruhusa ya mwenyewe, na wengi wao ni mara ya kwanza. Nimepangiwa kutoa neno la dakika ishirini jioni ile kabla hawajaondoka.

Sitaki tena lile la kila mwaka, "kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji", wimbo, sala, basi. Natafuta neno linalotoka ndani ya kazi yenyewe. Kwa hiyo naomba wanaoijua kazi wanieleze: mnyama akipigwa akakimbia, mtu angoje muda gani, na damu inafuatwaje? Pili, ndugu zetu wa kutoka Uvira (Kongo) wanasema lazima mnyama akatwe koo hata kama mmemkuta amekufa, na wanataja Walawi 17:13. Wako sawa? Na hiyo Zaburi 42, kuna kitu ndani yake ambacho mwindaji angekiona na mhubiri wa kawaida asikione?

mfuata_nyayo

Shemasi, neno lako litafute katika nusu saa baada ya risasi. Kupiga kila mtu hujifunza. Kungoja ndiko kunakowashinda vijana.

Mnyama akishapigwa, mtu abaki kwenye dungu. Ashike kwa macho alama mbili: mti uliokuwa karibu naye alipopigwa, na mahali pa mwisho alipoonekana. Ukishuka chini kila kitu hubadilika sura, na hatua themanini utadhani ni hamsini. Atazame saa, aiandike. Akumbuke na mnyama alivyofanya: aliyerusha miguu ya nyuma kama punda mara nyingi amepigwa moyo au mapafu; aliyekunja mgongo akaondoka taratibu huenda amepigwa tumbo.

Nusu saa ikipita, aende pale mnyama aliposimama, asome damu na manyoya. Damu nyekundu angavu yenye mapovu madogo ni ya mapafu. Huyo kwa kawaida yuko ndani ya mita mia moja hivi, afuatwe. Damu nzito iliyokoza, bila povu, ni ya ini: arudi nyuma kimya kimya angoje kama saa nne. Akikuta majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya tumbo la mbuzi lililopasuliwa, pamoja na manyoya meupe, basi ni tumbo au utumbo, na hapo ni saa nane hadi kumi na mbili, hata kama maana yake ni kurudi kesho asubuhi. Mvua au joto vinaweza kukulazimisha kupunguza muda huo. Haraka ya moyo isikulazimishe. Mnyama wa namna hiyo akiachwa hulala karibu na kufa palepale alipolala. Akishtuliwa anainuka na kwenda mbali sana, na kwa kuwa tundu limezibwa na mafuta au utumbo, hadondoshi hata tone la kukuongoza.

Kufuata damu ni kazi ya watu wawili, watatu wasizidi. Mmoja anasimama kwenye tone la mwisho na hasogei mpaka mwenzake alione lijalo. Tembeeni kando ya njia, msiikanyage. Kila tone liwekewe kipande cha karatasi ya chooni. Damu ikikatika, geukeni nyuma mtazame zile karatasi, mstari wake utawaonyesha anakoelekea. Tazameni ubavuni mwa miche, kimo cha goti hadi paja, maana mnyama hupaka damu anapopita. Na kwa kuwa majani ya vuli yana madoa mekundu ya kudanganya, bebeni chupa ndogo ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Mkilipulizia jani, damu itatoka povu. Doa la kawaida halitatoka.

Sasa andiko: Mithali 12:10, mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Mtu atakuambia hapo panasemwa mnyama wa zizini. Sawa. Ila kulungu ukishamtia risasi amekuwa wako, na kumtafuta ni deni.

Andiko hilohilo linashika na risasi isiyopigwa. Wiki mbili kabla ya msimu, kila kijana apige risasi tatu kwenye sahani ya karatasi ya sentimita 20, ambayo ni karibu na ukubwa wa moyo na mapafu ya kulungu. Apige akiwa amekaa kama atakavyokaa porini, asilalie meza. Umbali ambao zote tatu haziingii sahanini si umbali wake, hata aje dume mwenye pembe za kutundika ukutani. Na mnyama awe amekaa ubavu, au amegeuza kidogo nyuma yake kwako. Lenga nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Akikutazama uso kwa uso, mwache.

Jambo moja zaidi, na pengine ndilo ningelihubiri mimi. Kentucky inamtaka mwindaji aandike mnyama kwenye kumbukumbu yake ya mawindo mara tu anapompata, kabla ya kumhamisha, kisha aripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku na kupewa namba. Dume ni mmoja tu kwa mwindaji kwa msimu. Msituni saa kumi na moja jioni hakuna afisa wala shahidi, kalamu iko mfukoni mwako. Kolosai 3:22 ina maneno yanayotosha hapo: "si kwa utumwa wa macho".

Mama_Eliya

Shemasi, shikamoo. Kuhusu Zaburi 42.

Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa "aioneavyo shauku" kipo katika aya hiyo na mahali pengine pamoja tu katika Biblia nzima, Yoeli 1:20, ambapo wanyama wa mwituni wanamlilia Mungu kwa sababu vijito vimekauka na moto umeteketeza malisho. Kwa hiyo ayala wa zaburi ni ayala wa ukame, hakuna mtu aliyemfukuza. Wahubiri wanaopenda uwindaji husema amejeruhiwa na anakimbilia maji, na ni kweli kwamba kulungu aliyepigwa tumbo mara nyingi hushuka bondeni kwenye maji. Lakini hiyo wameileta wao. Mtunzi yuko mbali na hekalu, nchi ya Yordani na Hermoni (aya ya 6), na watu wanamuuliza kutwa, "Yuko wapi Mungu wako?" Kinachomuua ni kukosa. Ukimweka mwindaji ndani ya aya, umempa ayala adui ambaye mtunzi hakumtaja.

Tena kuna hatari ya kijinga kabisa: kijana akisikia zaburi hiyo usiku, asubuhi atakwenda kukaa kijitoni. Kulungu wa Kentucky mwezi wa Novemba hasumbuliwi na kiu. Vijito ni vingi, na maji mengine huyapata kwenye majani anayokula. Mwambieni akae karibu na mialoni inayodondosha mbegu, upepo ukimpiga usoni. Upepo ukimtoka mgongoni kwenda kwa mnyama, hata akikaa kimya kama jiwe amepoteza siku.

Neno moja juu ya jina, kwa sababu vijana watauliza. Kulungu wa kwetu Afrika ana pembe ambazo hazidondoki maisha yake yote. Huyu wa Amerika ni jamii nyingine: dume huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota mpya. Ayala wa Biblia ni jamii ya huyu wa pili. Bunduki ya Novemba huwakuta madume wakiwa na fahari yao yote kichwani. Njoo Machi, wengi huwatofautishi na majike. Ukitaka mfano wa fahari ya mwanamume, mimi naona huo unafaa kuliko maji.

bucha_wa_bondeni

Nawajibu ndugu wa Uvira, na nawajibu kwa heshima kwa sababu swali lao ni zuri.

Walawi 17:13 inasema mtu akiwinda mnyama au ndege aliwaye, aimwage damu yake na kuifunika kwa mchanga. Koo haitajwi. Kumbukumbu la Torati 12:15-16 inasema vilevile: nyama huliwa kama ya paa na kulungu, damu humwagwa nchi kama maji. Sasa tazama mwili wa mnyama wenyewe. Risasi ya mapafu humwaga damu ndani ya kifua. Moyo ukishasimama hakuna kinachoisukuma tena, kwa hiyo kukata koo kutatoa kidogo tu, na umefungua shingo kwa uchafu na nzi. Damu unayotaka kuimwaga iko kifuani, na itatoka utakapompasua.

Hivi: hakikisha amekufa, gusa jicho kwa kijiti kirefu, asipopepesa endelea. Vaa glavu. Kwanza chimba shimo dogo upande wa chini wa mteremko. Mlaze chali, kichwa juu. Kisu cha sentimita 8 hadi 10 kinatosha, kirefu zaidi kitatoboa usichokitaka. Kata kuzunguka njia ya haja, ivute kidogo uifunge kwa kamba. Kisha fungua ngozi ya tumbo kwa vidole viwili vilivyoinua ngozi, makali ya kisu yakitazama juu, hadi mfupa wa kifua. Makali yakitazama chini utalipasua tumbo, na ile kijani ikigusa nyama harufu haisahauliki. Ikitokea, osha haraka kwa maji safi na ukatie mbali sehemu iliyoguswa. Kibofu kishike juu, kwa shingo yake, kisimwagike. Kata kiwambo (ile ngozi inayotenga kifua na tumbo) pande zote mbili za mbavu, ingiza mkono hadi koromeo, likate juu uwezavyo, halafu vuta: mapafu, moyo, ini na utumbo vitatoka kwa pamoja. Mgeuze kifudifudi juu ya lile shimo, mwache dakika chache, damu itashuka. Funika kwa udongo.

Sheria hiyo inamfunga Mkristo? Matendo 15:29 bado inataja damu, na wazee wa kanisa wanatofautiana. Mimi naona kufunika kunachukua dakika moja na hakumkwazi mtu. Ndugu asiyekula bila hivyo, mfunikie. Jirani Mwislamu ukimpelekea nyama, mwambie wazi mnyama alikufaje, uamuzi ni wake.

Baada ya hapo ni baridi. Nyama ishuke hadi nyuzi 4 za Selsiasi upesi. Jioni ya Novemba ikiwa na joto la nyuzi 10 au zaidi, tia kifuani mifuko miwili ya barafu ya kilo nne na nusu kila mmoja, na mwingine katikati ya mapaja. Paja ndilo huoza kwanza, kuanzia kwenye mfupa, huku nje likionekana zima. Ndiyo Mithali 12:27 hiyo, mvivu hapiki mawindo yake: alipiga vizuri, akaenda kuonyesha picha, nyama ikachachia kwenye gari.

Mafuta ya kulungu yaondoe yote, yanaganda mdomoni kama nta. Nyama iliyo karibu na tundu la risasi itupe, vipande vya risasi husambaa zaidi ya vinavyoonekana. Sarara mbili za ndani, chini ya uti wa mgongo, zitoe mapema kabla hazijakauka. (Rebeka alimpikia Isaka wana-mbuzi, naye akala akidhani ni mawindo. Aliyepika kulungu aliyetolewa mafuta vizuri hashangai.)

Shemasi_Lex

Mungu awabariki, nimepata zaidi ya dakika ishirini. Mawili ya mwisho. Kamati inataka kupika nyama hiyo na kuuza sahani kuchangia paa la kanisa. Na wapo wanaouliza kama ni dhambi kuwinda Jumapili, maana msimu una Jumapili ndani yake.

kaka_Erie

Sahani msiuze. Nyama ya kulungu wa porini haiuzwi, hata kwa ajili ya paa la nyumba ya Mungu. Kuigawa ruksa. Mnyama au nyama ikitoka mikononi mwa aliyewinda kabla haijatengenezwa, iambatane na kikaratasi chenye jina lake, simu yake na ile namba aliyopewa aliporipoti.

Jumapili: Kentucky sheria haiwazuii. Huku kwetu Pennsylvania ilikatazwa kwa zaidi ya karne moja, na sheria ya 2019 ndiyo iliyofungua Jumapili tatu za kwanza, watu wakabishana makanisani hadi leo. Ushauri wangu ni wa ratiba. Mnyama aliyepigwa tumbo Jumamosi saa kumi na moja jioni hutafutwa Jumapili asubuhi, na kumwacha aoze kwa sababu ya ibada ni kuisoma vibaya Luka 14:5, ile ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Kwa hiyo wasiotaka kuikosa ibada wamalize kupiga Jumamosi saa nane mchana, wabaki na mwanga wa kutafutia.

mfuata_nyayo

Naongeza kwa kaka_Erie: na anayepanda mtini Jumamosi hiyo afunge mkanda wa usalama akiwa bado chini, si akishafika juu. Bunduki ipandishwe kwa kamba baadaye, bila risasi ndani, mdomo ukitazama chini.

bucha_wa_bondeni

Shemasi, karamu ifanyeni ya bure, na kapu la sadaka lisikae karibu na sufuria siku hiyo. Nyama ya kusaga ipikwe hadi nyuzi 71 katikati. Na mnyama aliyekonda, anayetoka mate na kuyumba, asiliwe kabisa: ule ugonjwa wa kulungu wa kukondesha (CWD) uliothibitishwa Kentucky mara ya kwanza 2023, kaunti ya Ballard, hauuawi kwa kupika. Pigeni simu idara ya wanyamapori, waje wamchukue.