Mnapima miguu, macho na figo, kichwa mnakiacha! Hizi kliniki za kisukari zinatuchosha

Wakuu, leo nimekuja kutema nyongo, msinitulize.

Baba yangu ana kisukari cha aina ya pili, huu ni mwaka wa 17. Kliniki hakosi. Akifika anapimwa uzito, presha, sukari, anavuliwa viatu akaguliwe nyayo kama zina vidonda au ganzi. Mara moja kwa mwaka anamulikwa macho, na mkojo unaangaliwa kwa ajili ya figo. Hapo sina ugomvi. Ila miaka yote hiyo hajatokea hata mmoja wa kumuuliza, "Mzee, kumbukumbu inaendaje?"

Huyu ni mtu aliyekuwa na namba za simu za ukoo mzima kichwani. Ilianza kidogokidogo: swali lilelile mara 3 asubuhi moja, hesabu ndogo inamtoa jasho. Daftari lake la sukari likawa na mapengo, siku nyingine kipimo kimoja kimeandikwa mara 2. Nikalibeba daftari hadi kliniki nikiamini litajieleza. Jibu nililopewa: "Mzee wako mkaidi, hafuati masharti." Dozi ya insulini ikapandishwa. Kwa mtu asiyekumbuka kama ameshachoma sindano au bado!

Wiki chache baadaye, alfajiri, namkuta ameloa chapachapa, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Sukari imeshuka hadi 2.1. Alikuwa amejichoma mara 2. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari. Tuliporudi kueleza tukaambiwa awe makini. Awe makini kwa kutumia nini, jamani? Si hicho hicho kichwa ambacho hamtaki kukipima?

Nikaanza kusoma, na ndiyo hasira zikazidi, kwa sababu hili jambo halijafichwa popote. Utafiti wa Rotterdam kule Uholanzi ulishaonyesha tangu 1999 kwamba kisukari kinakaribia kuzidisha maradufu hatari ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mishipa midogo ya damu inayoharibika machoni na kwenye figo ipo hadi ndani ya ubongo, sasa sijui nani aliwaambia huko kwenye ubongo inasalimika. Na sukari ikishuka ndiyo balaa zaidi, maana ubongo unakula karibu moja ya tano ya nishati ya mwili na hauna akiba ya maana ya sukari. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa zaidi ya 16,000 wa kisukari hiki waliona kwamba waliowahi kufikishwa hospitali kwa sukari kushuka walipata dimenshia zaidi ya wenzao, na kadiri ilivyojirudia ndivyo hatari ilivyopanda. Kwa hiyo mzee akisahau anachoma mara 2, sukari inashuka, ubongo unaumia, kesho anasahau zaidi. Halafu anaitwa mkaidi.

Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri wagonjwa wa miaka 65 na kuendelea wapimwe uwezo wa akili kila mwaka. Kinashauri pia kwamba ambaye kumbukumbu imeshadorora asikimbizwe na kile kipimo cha wastani wa sukari cha miezi 3 hadi chini ya asilimia 7, kubaki chini ya asilimia 8 kunatosha. Baba yangu alikuwa na 7.4 siku alipoongezewa dozi. Saba nukta nne!

Halafu kuna metformini, vile vidonge vya kisukari. Ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua mtu anaweza kuanza kusahau. Hilo linapimika kwa damu na linatibika. Mzee anaimeza tangu mwaka wa kwanza, B12 yake haijawahi kuangaliwa. (Sijasema mtu aache dawa. Naona wauza mizizi wameshaanza kunijia inboksi, naomba mnipishe.)

Kuna kipimo kinachochukua dakika 3: mgonjwa anatajiwa maneno 3, anachora uso wa saa, kisha anaulizwa yale maneno. Karatasi na kalamu, basi. Nimekifanya mwenyewe nyumbani. Kati ya maneno 3 alikumbuka moja, na namba zote za saa alizirundika upande mmoja.

Kuna yeyote humu ambaye mzazi wake amewahi kupewa kipimo hicho kliniki ya kisukari bila ninyi kukiomba? Ajitokeze hata mmoja.