MREJESHO: Upepo wa tairi za Land Cruiser, safari ya Ziwa Natron

Wakuu habari, mimi ndo yule niliyeuliza niweke upepo kiasi gani kwenye Land Cruiser hardtop yenye mzigo kwenda Ziwa Natron, nimerudi salama, asanteni sana aisee. Lami hadi Mto wa Mbu nilikuwa na psi (kipimo cha upepo) 38 mbele na 45 nyuma, tulivu kabisa. Nilipoingia rafu rodi nikashusha hadi 28 na 32, na spidi pia nikapunguza, vile vituta vidogo vidogo vinavyotikisa gari mpaka meno vikapungua makali hadi wife akauliza umebadilisha shoksi? Kwenye korongo la mchanga nikaenda 18 zote nne, gia ya low (ile ya nguvu, mwendo mdogo), bila kukata kona kali maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, tukapita bila kusukuma.

Ila jamani geji ya pale nilipojazia mjini ilikuwa inadanganya karibu psi 5, nimenunua yangu, napima asubuhi tairi zikiwa za baridi. Kabla ya kurudi lami nilijaza tena kwa kompresa ndogo, dakika kama 30 hivi zote, maana tairi yenye upepo mdogo kwenye spidi inachemka na inaweza kupasuka.